Kitanda Kimoja Kule Milimani

Yueh-tao alikuwa na macho ya kazi. Kiwandani Kangshan, alikopanga skrubu kwenye maboksi kwa miaka ishirini na miwili, wenzake wengi walimzidi kwa wepesi wa mikono, lakini kwa kuona hakuna aliyemfikia. Skrubu yenye kichwa kilichopinda unywele mmoja, yenye ufa, yenye kutu ya jana, zote zilimwagika mbele yake kwenye mkanda kama mvua, naye aliichomoa ile moja mbovu bila kukatiza maongezi.

"Mama huyu akizaliwa tena," msimamizi alipenda kusema, "atazaliwa kamera."

Alikuwa mtoto wa mabwawa ya samaki, kule pwani, na shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu samaki wa baba yake hawakuijua kalenda ya shule. Akaolewa na Hung, fundi wa kuchonga vyuma, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Wakapata mtoto mmoja, Sheng-kai, ambaye mtaa mzima ulimwita A-Kai. Hung alikufa kwa ugonjwa wa ini. Siku za mwisho hospitalini, alipokuwa amebaki ngozi na sauti, alimshika mkewe kifundo cha mkono akasema, "A-Kai ndiye atakayenishikia udi kaburini, kila Siku ya Makaburi. Usiniache nikawa mzimu wa njiani, wa kuombaomba sahani za watu." Yueh-tao akaahidi. Nani angekataa, mtu yuko katika hali ile?

Miaka mitatu baadaye macho yake yakaanza kumwonyesha asiyotaka kuyaona. A-Kai alikuwa anafanya zamu za usiku kwenye kiwanda cha mabati. Alirudi asubuhi macho yamemtoka, taya linatafuna hewa, akaosha pikipiki, akaifungua, akaifunga, akaiosha tena. Siku tatu hakulala. Kisha akalala mbili mfululizo kama aliyezikwa. Ndani ya kiatu chake cha zamani Yueh-tao akakuta kichupa chembamba cha kioo, kimeungua chini. Ile dawa ya fuwele A-Kai aliianza ili asisinzie kazini. Kazi ikaondoka, dawa ikabaki.

Kiwandani alisema A-Kai yuko Taichung, mji wa mbali kaskazini.

"Taichung kuna kazi nzuri," wenzake walisema.

"Ndiyo. Na anakula vizuri."

A-Kai wa Taichung alikuwa juu ghorofani, mapazia yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Kwa miaka minne hakuna mgeni aliyekula kwenye meza ya Yueh-tao. Harusi alizitumia bahasha za pesa asiende. Jioni aliwasha televisheni kwa sauti kubwa ili jirani wasisikie hatua za juu, akala amesimama karibu na sinki, sikio liko kwenye ngazi. Pesa alizihamisha kutoka kwenye kopo la mchele kwenda kwenye mfuko wa sabuni, kutoka kwenye sabuni kwenda chini ya vibao vya mababu pale madhabahuni, na kila mahali A-Kai alifika kabla yake.

Halafu siku moja, baada ya mwaka mpya, A-Kai alishuka mchana, akaketi kwenye kiti cha baba yake na kusema, "Ma, nitafutie mahali."

Yueh-tao alikuwa anaosha mboga. Hakufunga bomba. "Mahali pa nini?"

"Pa kuacha. Lakini haraka, Ma. Leo nataka. Wiki ijayo sijijui."

Akamtazama. Shingo ilikuwa imekonda, mshipa unapiga. Hakuwa anadanganya, uongo wake aliujua kwa rangi na kwa harufu. Akafunga bomba, na hapohapo hofu ikamwingia, kubwa kuliko ile ya miaka yote minne, maana sasa kulikuwa na kitu cha kupoteza.

Hospitali ya mjini walishaijaribu mwaka uliopita. Kwenye foleni A-Kai alikutana na rafiki yake wa zamani, wakatoka pamoja kununua chai, na chai ile ikawachukua siku nne. Kwa hiyo Yueh-tao aliomba ruhusa ya siku mbili kazini, akadai ana jino, wakaenda kutazama kwingine.

Nyumba ya kwanza ilikuwa nje kidogo ya Tainan. Ofisini kulikuwa na viyoyozi, samaki wekundu kwenye kioo, na binti mwenye koti la rangi ya maziwa aliyewapa chai kwenye vikombe vya karatasi.

"Ni elfu hamsini kwa mwezi, mama. Miezi mitatu. Inalipwa yote kabla ya kuingia. Kitanda tunakiweka hadi Jumatatu."

"Siku ya Makaburi anaruhusiwa kurudi nyumbani?"

"Anaruhusiwa. Hapa si jela, mama."

"Na udi anashika?"

Binti akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kama wali unaliwa. "Kwa nini asishike?"

Yueh-tao hakuuliza lingine. Hakuuliza daktari ni wangapi, wala waliotoka pale wako wapi sasa. Yeye aliyeona ufa kwenye skrubu hakuchungulia hata choo.

Nje, A-Kai alikuwa amesimama kwenye maegesho, mikono mfukoni. "Ma, hapa hapana."

"Kwa nini? Pasafi."

"Yule jamaa aliyekuwa anavuta sigara mlangoni, mwenye kandambili za bluu. Kaniuliza kama nimebeba chochote."

"Labda alitaka kiberiti."

"Ma," alisema A-Kai, akatangulia kwenda barabarani.

Kesho yake wakapanda milimani, juu ya Chishan, hadi mahali basi ligeuzapo. Huko kulikuwa na nyumba ndefu ya bati, msalaba juu ya mlango, mabanda ya kuku, na wanaume kama ishirini waliovaa magwanda ya mvua wakikoroga samadi. Aliyewapokea aliitwa Mchungaji Tu. Alikuwa na pengo la meno mawili, na mkia wa joka lililochorwa ngozini ulichungulia kwenye mkono wa shati lake.

"Hapa tunaamka saa kumi na moja alfajiri," aliwaambia, "tunaimba vibaya, tunafuga kuku. Miezi kumi na minane. Simu hakuna, sigara hakuna, kutembelewa hakuna miezi mitatu ya kwanza. Arosto ya dawa ikimshika usiku, wawili wanakaa naye, mmoja kila upande. Ikimzidi sana tunamshusha kwa daktari Chishan, tunamrudisha. Wewe kijana, unajua kuimba?"

"Sijui."

"Vizuri. Utafaa."

"Ada ni kiasi gani?" Yueh-tao aliuliza.

"Elfu tatu kwa mwezi, za chakula. Kama huna, kuku wanataga."

Yueh-tao akashusha sauti. "Na udi?"

"Udi hatushiki, mama. Miungu ya nyumbani inabaki nyumbani."

"Siku ya Makaburi je?"

"Siku hiyo atakuwa bandani."

"Baba yake hana mtoto mwingine. Nani atamshikia?"

Mchungaji Tu hakucheka. Alifuta viganja vyake kwenye suruali. "Mama, mimi mama yangu alikufa nikiwa nimelala chooni, bomba liko mkononi. Udi sikumshikia. Na wakati huo Yesu nilikuwa simjui hata kwa jina. Aliyenizuia ni unga, si mchungaji." Akatazama kule mabandani. "Kitanda kipo kimoja. Mimi sishikilii vitanda. Anayefika kwanza ndiye analala."

Ndani ya basi la kurudi A-Kai alisema, "Pale ndipo." Yueh-tao akajifanya amesinzia. Alikuwa anamsikia Hung, na sauti ya Hung tangu afe ilikuwa haimpi nafasi ya kusikia mwingine. Kabla hawajafika Kangshan alikuwa ameshaamua. Tainan. Kilichobaki kilikuwa elfu mia na hamsini.

Elfu hizo hakuwa nazo, ila zilikuwapo kwenye upatu.

Walikuwa wanawake ishirini, na kijumbe wao alikuwa Pi-hsia, mwenye duka la supu ya mbuzi nyuma ya soko. Kila mmoja alitoa elfu kumi kwa mwezi. Lakini upatu wao haukwenda kwa zamu. Kila mwezi, ambao bado hawajala waliandika kwenye kikaratasi kiasi ambacho kila mmoja yuko tayari kukiacha, yaani wenzake wasiokula bado wampunguzie kwenye elfu kumi zao. Aliyekubali kuacha zaidi ndiye aliyekula. Waliokwisha kula waliitwa wafu, kwa kuwa tangu siku hiyo walilipa elfu kumi kamili wala hawana wanachongojea. Waliobaki waliitwa walio hai. Watu waliandika elfu moja, elfu na mia mbili. Mwaka wa tufani kubwa mmoja aliandika elfu mbili, na hadithi yake bado ilisimuliwa.

Yueh-tao alikuwa hai bado. Lakini alisikia Wan-ju, jirani yake wa ng'ambo ya kichochoro, anautaka mwezi huo kwa harusi ya bintiye. Wan-ju akiandika elfu na mia tano? Akiandika elfu mbili? Mezani kwake, kwa kalamu ya kuandikia maboksi, Yueh-tao alipiga hesabu mpaka akaona kwamba hata akipunguziwa elfu tatu na mia tano, za Tainan zitatimia, na juu yake itabaki nauli. Jumatatu ilikuwa keshokutwa. A-Kai alikuwa na siku tano hajagusa. Akaandika hiyo elfu tatu na mia tano, akakunja karatasi mara nne.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikusanyika kwa Pi-hsia, sufuria la supu linachemka pembeni. Pi-hsia akavaa miwani, akafungua karatasi moja moja.

"Mia tisa. Nani huyu anatuchezea?"

"Mimi. Sina shida, nimeandika nisionekane najidai."

"Elfu moja mia moja. Elfu moja na hamsini. Hii elfu moja na mia nne ni ya Wan-ju, mwandiko huu wa kuku naujua."

"Nifanyeje, shoga?" Wan-ju alisema, anakula mbegu za maboga na kutema maganda kiganjani. "Mkwe hataki bata. Anataka kamba wakubwa, kila meza. Nikamwambia binti yangu, huyu unaolewa naye au unaolewa na bahari?"

Wakacheka. Pi-hsia akafungua karatasi ya mwisho. Akaitazama, akaigeuza, akavua miwani akaifuta kwa aproni, akaitazama tena.

"Elfu tatu na mia tano," alisema.

Hapo ndipo Yueh-tao alipoona kosa lake, na aliliona lote kwa pamoja. Hakuna mwanamke wa upatu asiyejua maana ya namba ya namna ile. Anayeandika hivyo ama nyumba yake inaungua, ama anataka kula aondoke usiku na mabegi.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Eh! Yueh-tao," Wan-ju alisema. "Na A-Kai anavyochuma huko Taichung?"

"Paa," Yueh-tao alisema. "Paa linavuja."

"Linavuja nini? Mvua hatujaiona tangu mwezi wa kumi."

Mmoja alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Mwache, Wan-ju," sauti nyingine ilisema.

"Mimi simsemi mtu. Nasema tu mwanangu alimkuta A-Kai juzijuzi dukani saa nane za usiku, ananunua viberiti vya gesi vitano. Sigara hakununua. Nikasema, kumbe Taichung imesogea."

Hakuna aliyeshangaa. Yueh-tao alizitazama nyuso moja moja, kwa macho yake yale ya mkandani, na hakukuta hata moja iliyokuwa inasikia jambo jipya. Walijua. Miaka minne walimuuliza kama A-Kai anakula vizuri, wakamwacha ajibu. Alidhani amejificha, kumbe alikuwa amesimama katikati yao uchi, nao wameangalia pembeni kwa adabu.

Pi-hsia alimvuta jikoni kwa mkono, akafunga pazia la plastiki.

"Dada, kwa haki umekula wewe. Sibishi. Lakini mtu akikimbia ninayelipa ni mimi. Niletee mdhamini."

"Sina mdhamini."

"Shemeji yako?"

"Hatujazungumza tangu msiba."

Pi-hsia akakoroga supu isiyohitaji kukorogwa. "Ni ya kumtibu?"

Yueh-tao akaitikia kwa kichwa.

"Mficha uchi hazai, dada. Ungeniambia mwaka juzi."

"Ungefanya nini?"

"Sijui." Pi-hsia alifikiri kweli. "Ningekaa kimya karibu na wewe."

Yueh-tao aliyaacha maneno hayo yapite. Angeyapokea angelia, na nje kulikuwa na wanawake kumi na wanane wanatega masikio.

"Basi sikiliza," Pi-hsia alisema. "Ichukue karatasi yako. Nitasema umeongeza sifuri, ulitaka mia tatu na hamsini. Pesa hutapata, lakini mwezi ujao utaingia hapa kama kawaida."

Wakatoka. Pi-hsia akatangaza kwamba macho ya Yueh-tao yamechoshwa na skrubu, ameongeza sifuri. Wanawake wote wakasema aa, hata wao huwatokea, umri huo. Hakuna aliyeamini, hakuna aliyepinga. Wan-ju akala upatu. Alipokuwa anapokea akamsogezea Yueh-tao mfuko wa mbegu za maboga. Yueh-tao akachukua mbegu moja, akabaki ameishika mpaka alipofika kwake.

A-Kai alikuwa sebuleni. Alikuwa amekula, sahani ameiosha. Mkoba wake ulikuwa karibu na mlango.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Basi mlimani."

"Baba yako, A-Kai. Nilimwahidi."

A-Kai alivuta pumzi. "Ma, mwaka jana si nilimshikia udi? Unakumbuka mkono ulivyokuwa unatetemeka, jivu likamwangukia shangazi kichwani? Nilikuwa nimetoka kuvuta, kwenye maegesho ya makaburini. Hiyo ndiyo niliyompelekea Baba."

"Niliona."

"Uliona ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kesho nitakuwa nimebadilika, Ma. Mimi najijua. Naisikia inakuja, kama pikipiki ya mtu unayemfahamu. Nipeleke leo."

Akapanda kuchukua koti. Yueh-tao akabaki mbele ya madhabahu, chini ya picha ya Hung aliyevaa tai ya kuazima. Akawasha udi, akachukua vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga ambavyo wenye nyumba huulizia wafu wao. Kikilala kimoja tumbo juu na kimoja tumbo chini, marehemu amekubali. Akamweleza Hung yote: milima, kuku, msalaba, miezi kumi na minane. "Aende?" akauliza, akarusha.

Matumbo yote juu. Hung anacheka, swali halijaeleweka.

Akaokota, akauliza upya, polepole, kama unavyomwambia mgonjwa. Akarusha. Matumbo yote chini. Hapana.

Desturi ni kurusha mara tatu, na ulibaki mrusho mmoja. Mama mkwe wake, alipokuwa hai, alijua namna ya kuwazungusha wafu. Aligeuza swali, akaligeuza tena, saa nzima kwa ajili ya nguruwe mmoja, mpaka wakachoka wakakubali. Yueh-tao alijua maswali ya kugeuza. Amtembelee mjomba milimani? Aende kufuga kuku? Akavishika vipande vile kifuani, vimepata joto la mkono. Juu alisikia A-Kai anatembea, anasimama, anatembea.

Akavirudisha kwenye sahani yake bila kurusha.

"Baba A-Kai," alisema, "hapa sikuulizi. Nakuarifu tu." Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Kwa habari ya kuarifu, vipande havirushwi. Akainama mara tatu, akaenda kutafuta koti lake.

Walifika juu saa kumi na moja jioni, jua bado liko kwenye vilele. Kitanda kilikuwapo. Mchungaji Tu alitoa fomu, na Yueh-tao akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Mama hasaini," Mchungaji alisema. "Anasaini mwenyewe."

A-Kai akasaini. Yueh-tao akatoa bahasha ya elfu tatu. Ilikuwa nyekundu, ya mwaka mpya, hakuwa na nyingine. Akapewa stakabadhi. Kisha mkoba wa A-Kai ukamwagwa juu ya meza: soksi, mswaki, suruali mbili. Simu yake ikawekwa pembeni ya mama. Mchungaji Tu akachukua koti, akalipitisha vidoleni taratibu, mshono kwa mshono, kama mtu anayesoma. Kwenye pindo la chini akasimama.

"Hiki nini?"

"Kipi?" A-Kai alisema.

"Hiki kilichoshonewa humu ndani. Kijana, sheria ulisomewa. Aliyekuja na kitu tunamgeuza hapohapo, na basi la mwisho ni saa kumi na mbili."

"Si yangu!"

Miaka minne Yueh-tao alikuwa amelisikia neno hilo, kwa sauti ileile, mikono imeinuliwa vilevile. Kichupa, si changu. Pesa, si mimi. Wanaume wawili waliokuwa mlangoni wakatazamana. Nao waliwahi kulisema. Wembe ukaingia kwenye pindo.

"Si yangu, naapa! Ma, mwambie!"

"Ni yangu," Yueh-tao alisema. Hakusikika. Akasema tena, kwa nguvu. "Ni yangu. Nimeshona mimi, asubuhi alipokuwa amelala. Yeye hajui."

Juu ya meza ikaanguka hirizi nyekundu ya mungu wa kike wa hekalu la mtaani, ndogo kama kidole gumba, imekunjwa na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono mifupi ya sawasawa. Alikuwa ameitia kwa ajili ya Tainan, na kwa haraka ya kupanda mlima hakuikumbuka. Au aliikumbuka, hakujua.

A-Kai aliitazama hirizi, kisha akamtazama mama yake. Uso ulikuwa bado umejaa ule woga wa mtu anayeonewa, na chini ya woga huo kulikuwa na kitu ambacho Yueh-tao hakuwa amekiona tangu mtoto akiwa wa shule. Alikuwa amesema kweli, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na shahidi.

Mchungaji Tu akaisukuma hirizi kwa ncha ya wembe mpaka ukingoni. "Huyu bibi mwekundu hawezi kulala hapa," alisema. "Rudi naye, mama. Atakufaa njiani." Akamtupia A-Kai koti. "Na wewe utajifunza kushona pindo. Hapa hatuna mama."

"Nenda, Ma," A-Kai alisema. "Basi litakuacha."

Mmoja wa wale wanaume akamshika begani akaenda naye kwenye mabanda. Hakugeuka. Yueh-tao alingoja kama atageuka, kisha akashuka kile kilima.

Kituoni alikuwa peke yake. Akaketi kwenye benchi la saruji, akatazama barabara. Macho yake yakaanza kutafuta: mkono unaotetemeka, taya, mfuko uliotuna. Hapakuwa na kitu cha kukagua. Uzi mwembamba wa moshi kutoka jikoni kwao ulipanda nyuma ya miti, na mtu mmoja, mbali, alikuwa anaimba vibaya.

Simu ya A-Kai, aliyoondoka nayo kule mezani, ikalia mkobani mwake. Hakuwahi kuipokea. Alikuwa ameiogopa simu ile kuliko nyoka, miaka yote. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena.

"Kai, uko wapi wewe?" ilikuwa sauti ya kijana, changamfu. "Nina kitu kizuri leo."

"Mimi mama yake."

"Oh. Shikamoo, mama. A-Kai yupo?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

Taichung ilikuwa tayari ulimini, imelala pale kama mlevi kwenye kochi lake.

"Yuko milimani, anaacha dawa," Yueh-tao alisema.

Kule upande wa pili pikipiki zilipita, mtu akapiga honi. Kijana hakukata. "Atarudi lini?" aliuliza, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeuliza habari zake mwenyewe.

"Mwakani, mwezi wa tisa."

"Ni mbali."

"Mbali," Yueh-tao alisema. "Wewe umekula?"

Simu ikakatika. Akaishika sikioni bado, mpaka taa za basi zilipotokea kwenye kona ya chini.